Kalenda ya 2027: sikukuu za nchi za nje tuweke zipi, na kila moja inaadhimisha nini hasa?

Mchapaji_Nkuhungu aliuliza:

Mbukwenyi wakuu,

Tunaandaa kalenda ya ukutani ya 2027 kwa mfanyabiashara wa jumla hapa Dodoma mwenye ghala Kizota. Mzigo wake unatoka China, India na Dubai, ana wateja Kenya na Afrika Kusini, na malipo yake mengi ni ya dola. Anataka karatasi moja ya A2 yenye miezi yote, sikukuu za Tanzania kwa rangi nyekundu, na sikukuu za nchi anazofanya nazo biashara kwa herufi ndogo chini ya namba ya tarehe. Mwisho wa karatasi kuwe na ukanda wa maelezo mafupi: siku hiyo ni ya nini, kilitokea nini, mwaka gani.

Orodha za mtandaoni zinagongana. Nyingine zimesogeza sikukuu kutoka Jumapili kwenda Jumatatu, nyingine zimeiacha palepale. Nyingi zinaandika "Siku ya Uhuru" kwa kila sikukuu ya taifa bila kuangalia historia yake. Naomba msaada kwenye mambo haya:

1. Maana sahihi ya siku zenyewe, hasa zile zinazokosewa.
2. Nchi zipi husogeza sikukuu ikiangukia wikiendi, na husogeza vipi.
3. Pasaka, Idd na Mwaka Mpya wa Kichina: tarehe zake tunazipataje mapema bila kubahatisha?

Mteja anataka prufu (nakala ya majaribio ya kukagua) mwisho wa mwezi huu. Natanguliza shukrani.

---

Mwl_Historia_Kikuyu alijibu:

Mbukwa mkuu. Anza na za nyumbani. Ndizo zitakazosomwa na kila anayeingia dukani, na ndizo zinazokosewa zaidi.

Tarehe 9 Desemba andika "Uhuru wa Tanganyika, 1961", au "Uhuru wa Tanzania Bara" kama inavyosemwa kwenye shughuli za serikali. Usiandike "Uhuru wa Tanzania 1961", kwa sababu mwaka huo Tanzania haikuwepo. Tanganyika ikawa jamhuri tarehe hiyohiyo mwaka 1962, kwa hiyo nafasi ikiruhusu taja yote mawili. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Watu huichanganya na uhuru wa Zanzibar, ambao ulikuwa 10 Desemba 1963 na hauna sikukuu. Tarehe 26 Aprili ni Muungano: Nyerere na Karume walisaini hati 22 Aprili 1964, Muungano wenyewe ukaanza tarehe 26. Jina "Tanzania" lilikuja baadaye mwaka huohuo. Basi ukiandika "tarehe 26 Aprili 1964 ilizaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" umeandika sawasawa.

Tarehe 7 Aprili ni Karume, aliyeuawa Unguja mwaka 1972. Tarehe 14 Oktoba ni kifo cha Mwalimu Nyerere, London, mwaka 1999. Kuna kalenda zinazoandika "kuzaliwa kwa Mwalimu", na hilo ni kosa: alizaliwa 13 Aprili 1922. Sabasaba imekuwa ya maonesho ya biashara machoni pa wengi, lakini mzizi wake ni kuzaliwa kwa TANU 7 Julai 1954. Nanenane ni ya wakulima, na watu wa Dodoma wanaijua kwa maonesho ya Nzuguni bila maelezo.

Sasa za nje. Jiulize kila mara: siku hii inakumbuka tangazo, mapambano, au makabidhiano? Hapo ndipo maelezo mengi yanapoharibika.

Marekani, 4 Julai 1776, wanakumbuka kupitishwa kwa Azimio la Uhuru. Vita vilikuwa vinaendelea, na Uingereza iliwatambua kwa mkataba wa 1783. Mexico ni hivyohivyo: 16 Septemba wanakumbuka wito wa padri Miguel Hidalgo pale Dolores mwaka 1810, lakini uhuru ulikamilika 1821. Mexico ina siku nyingine inayokosewa duniani kote, 5 Mei. Hiyo ni ushindi dhidi ya jeshi la Wafaransa mjini Puebla mwaka 1862, haihusiani na uhuru hata kidogo.

Ufaransa, 14 Julai, usiandike "uhuru". Siku hiyo mwaka 1789 watu wa Paris walivamia gereza la Bastille, ambamo wakati huo walikuwemo wafungwa saba tu. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, ikafanyika sherehe kubwa ya umoja wa taifa. Sheria ya 1880 iliyoifanya kuwa sikukuu haikutaja ni mwaka upi kati ya hiyo miwili unaoadhimishwa. Iliachwa hivyo ili wasiopenda kukumbuka damu ya 1789 wakumbuke umoja wa 1790. Maelezo ya "Sikukuu ya Taifa, 1789 na 1790" yanatosha.

India ina siku tatu za taifa zima: 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba. Ya Agosti ni uhuru wa 1947, ya Oktoba ni kuzaliwa kwa Gandhi mwaka 1869. Ya Januari ni katiba kuanza kutumika mwaka 1950, na tarehe ilichaguliwa makusudi: 26 Januari 1930 ndiyo chama cha Congress kilikuwa kimeitangaza kuwa siku ya kudai uhuru kamili. Tarehe hiyohiyo Australia wanaadhimisha meli za kwanza za Waingereza kufika Sydney mwaka 1788, na wenyeji wa asili wa bara lile wanaiita siku ya uvamizi. Ukiwa na mteja wa huko, andika tukio lenyewe, usiandike "kugunduliwa".

Afrika Kusini ndiyo yenye kalenda iliyopangwa kwa fikra nyingi kuliko zote ninazozifahamu, na inastahili mistari zaidi kwenye ukanda wako. 21 Machi ni Haki za Binadamu: Sharpeville 1960, polisi waliua watu 69 waliokuwa wanapinga sheria ya pasi, vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. 27 Aprili ni Uhuru: uchaguzi wa kwanza wa watu wote, 1994. 16 Juni ni Vijana: wanafunzi wa Soweto, 1976, walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. 9 Agosti ni Wanawake: maandamano ya wanawake wapatao 20,000 kwenda Union Buildings, makao ya serikali mjini Pretoria, mwaka 1956. Kisha 16 Desemba, Siku ya Maridhiano, yenye historia mbili zilizokuwa zinapingana. Makaburu waliiadhimisha kwa sababu ya ushindi wao dhidi ya Wazulu kwenye mto Ncome mwaka 1838, na mwaka 1961 Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC, ikaichagua tarehe hiyohiyo kuanza mapambano ya silaha. Baada ya 1994 hawakuifuta. Waliibadilisha jina, ikawa ya pande zote mbili.

Mei Mosi itawekwa nyekundu kwa nchi nyingi. Chanzo chake ni mgomo wa kudai saa nane za kazi ulioanza Marekani 1 Mei 1886, na vurugu za Haymarket mjini Chicago siku tatu baadaye. Mkutano wa vyama vya wafanyakazi Paris mwaka 1889 ndio uliopanga maandamano ya dunia nzima, yakafanyika mara ya kwanza 1890. Marekani yenyewe haipumziki siku hiyo: Siku ya Wafanyakazi kwao ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Usiiweke alama ya US tarehe 1 Mei.

Na tafadhali, siku za msiba usizipambe. Tarehe 7 Aprili, pamoja na Karume, Rwanda wanaanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Hapo huandiki "Heri ya" kitu chochote, na mchoro wa maputo usikaribie mraba huo.

---

Mizigo_Ihumwa alijibu:

Mwalimu amemaliza historia, mimi niongeze ya kusogeza tarehe, maana hapo ndipo mteja wako atapoteza pesa.

Tanzania haisogezi. Mwaka 2027 Mei Mosi ni Jumamosi, Nanenane ni Jumapili, Krismasi Jumamosi na 26 Desemba Jumapili. Zote zinabaki hapohapo, hakuna Jumatatu ya fidia. Mtu akinakili mfumo wa Kenya au Uingereza kwenye kalenda ya Tanzania, wafanyakazi watakaa nyumbani siku ya kazi.

Kenya: ikiangukia Jumapili, siku ya kazi inayofuata inakuwa ya mapumziko. Mwaka 2027 itawahusu mara tatu. Mazingira, 10 Oktoba, ni Jumapili, kwa hiyo inakwenda Jumatatu tarehe 11. Jamhuri, 12 Desemba, ni Jumapili pia, inakwenda tarehe 13. Na 26 Desemba, Jumapili nyingine, inakwenda tarehe 27. Jamhuri inabeba miaka miwili, uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964. Madaraka, 1 Juni, ni serikali ya ndani ya 1963. Mashujaa, 20 Oktoba, ni tarehe ya hali ya hatari ya 1952, Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa. Ikiitwa "Siku ya Kenyatta" kwenye orodha yako, orodha hiyo ni ya kabla ya katiba ya 2010. Na ikiandika "Siku ya Moi" tarehe 10 Oktoba, itupe.

Afrika Kusini: Jumapili tu ndiyo inayosogezwa. 21 Machi 2027 ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu tarehe 22 ofisi zimefungwa. Wiki hiyohiyo Ijumaa tarehe 26 ni Ijumaa Kuu, na Jumatatu tarehe 29 wanapumzika tena, wao wanaiita Siku ya Familia. Katika siku nane kuna siku tatu za kazi zilizopotea. Mteja mwenye mzigo Durban au Johannesburg apange kabla ya hapo.

Uingereza: Jumamosi na Jumapili zote zinafidiwa. Krismasi ya 2027 itawapa Jumatatu 27 na Jumanne 28 Desemba.

Marekani: Jumapili inakwenda Jumatatu, Jumamosi inarudi Ijumaa. Hapa kuna jambo ambalo kalenda nyingi hazilioni. Mteja wako analipa kwa dola, na malipo ya dola hupita benki za New York. Ofisi za serikali ya Marekani hufunga Ijumaa pale sikukuu inapoangukia Jumamosi, lakini Benki Kuu yao hufanya kazi Ijumaa hiyo kama kawaida. Mwaka 2027 hilo litatokea tarehe 18 Juni, 24 Desemba na 31 Desemba (kwa ajili ya 1 Januari 2028, ambayo ni Jumamosi). Kwa upande mwingine 4 Julai ni Jumapili, na Jumatatu tarehe 5 Benki Kuu yao inafunga kweli. Malipo yaliyotumwa hapa Ijumaa jioni, tarehe 2, yakichelewa kupita yataonekana Jumanne. Zile zinazofuata siku ya wiki hazina shida hiyo: Martin Luther King ni Jumatatu ya tatu ya Januari (tarehe 18), siku yao ya shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba (tarehe 25). Ile ya 19 Juni inakumbuka mwaka 1865, Jenerali Gordon Granger alipotangaza Galveston, Texas, kwamba watumwa wako huru. Imekuwa sikukuu ya serikali kuu tangu 2021 tu, ndiyo maana haipo kwenye orodha za zamani.

China ndiyo ya kuangalia kuliko zote. Mwaka Mpya wao wa 2027 ni Jumamosi 6 Februari. Haukumbuki tukio la siasa: ni mwanzo wa mwaka wa mwezi, na siku zote huangukia mwezi mwandamo ulio kati ya 21 Januari na takriban 20 Februari. Tangu 2025 sheria yao imeongeza siku za mapumziko, mkesha ukiwemo. Lakini usimwekee mteja siku hizo peke yake. Mafundi wa viwandani wanasafiri kwenda mikoani kwao mapema, na wengi huchelewa kurudi, kwa hiyo kiwanda kinaweza kusimama wiki tatu au nne. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: oda inawekwa mwanzo wa Januari, kiwanda kinaahidi, kisha mzigo unakosa nafasi melini kwa sababu kila mtu anataka kontena lake liondoke kabla ya sikukuu. Pita na rangi hafifu kuanzia katikati ya Januari hadi wiki ya tatu ya Februari, uandike "CN: viwanda".

Sikukuu ya taifa yao ni 1 Oktoba, Jamhuri ya Watu ilipotangazwa na Mao Zedong mwaka 1949, na huwa wanapumzika kama wiki nzima. Wana utaratibu wa kufidia: baadhi ya Jumamosi na Jumapili zinazozunguka likizo zinakuwa siku za kazi. Ratiba hiyo serikali yao huitangaza karibu na Novemba ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo usichapishe siku za fidia kabla ya hapo.

Dubai: 2 na 3 Desemba, Muungano wa Falme za Kiarabu wa 1971. Wikiendi yao sasa ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi nyingi za serikali zinafunga mchana. India, weka zile tatu za mwalimu na Diwali, ambayo 2027 ni mwisho wa Oktoba, karibu na tarehe 29. Wauzaji wa Gujarat hufunga siku kadhaa baada yake. Sikukuu nyingine za India hutofautiana jimbo kwa jimbo, usijaze karatasi.

---

Binti_Kondoa alijibu:

Kaka mchapaji, kwa upande wa Idd, usiweke tarehe moja kana kwamba imeshathibitishwa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila sikukuu inarudi nyuma siku 10 hadi 12 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Hesabu inaweza kukupa siku mwezi unapozaliwa angani, lakini kuandama ni kuonekana baada ya jua kutua, na tangazo hapa nchini linatoka kwa Mufti kupitia BAKWATA.

Kwa 2027, Idd-el-Fitri inategemewa 9 au 10 Machi, na Tanzania inapumzika siku mbili. Idd-el-Hajj ni 16 au 17 Mei, siku moja. Maulid, mwezi 12 Mfungo Sita, itakuwa katikati ya Agosti, karibu sana na Nanenane. Chora mstari mwekundu unaozunguka miraba miwili au mitatu, usijaze rangi, kisha uweke nyota na maneno "kutegemea kuandama kwa mwezi". Kwa Dubai iandikwe pekee, kwa sababu wao wanaweza kutangulia siku moja.

Maana zake usizifupishe mpaka zikapotea. Idd-el-Fitri ni kukamilika kwa funga ya Ramadhani. Idd-el-Hajj inakumbuka utiifu wa Nabii Ibrahimu alipokuwa tayari kumtoa mwanawe, na inaangukia tarehe 10 Mfungo Tatu, siku inayofuata kisimamo cha mahujaji Arafa. Kwa sababu mwezi wake umeshaandama siku kumi kabla, Idd-el-Hajj unajua tarehe mapema kidogo. Idd-el-Fitri unaijua usiku wa kuamkia.

---

Hesabu_Mpwapwa alijibu:

Pasaka inahesabika kwa kalamu. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa hesabu ya Kanisa unaoangukia 21 Machi au baadaye, kwa hiyo iko kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kwa miaka ya 1900 hadi 2099 tumia kanuni ya mwanahisabati Gauss:

Gawa mwaka kwa 19, baki iite a. Gawa mwaka kwa 4, baki ni b. Gawa kwa 7, baki ni c. Chukua 19 × a, ongeza 24, gawa kwa 30, baki ni d. Chukua 2b + 4c + 6d + 5, gawa kwa 7, baki ni e. Pasaka ni Machi 22 + d + e. Jibu likizidi 31, toa 31 upate tarehe ya Aprili.

Mwaka 2027: a ni 13, b ni 3, c ni 4. 19 × 13 ni 247, ongeza 24 ni 271, gawa kwa 30 baki 1, hiyo ndiyo d. Kisha 6 + 16 + 6 + 5 ni 33, gawa kwa 7 baki 5, hiyo ndiyo e. 22 + 1 + 5 ni 28. Pasaka ni 28 Machi, Ijumaa Kuu tarehe 26, Jumatatu ya Pasaka tarehe 29.

Ina miaka inayokataa: 2049 kanuni itakupa 25 Aprili na jibu sahihi ni 18, na 2076 itakupa 26 na sahihi ni 19. Mwingine anakosea kwa kuchukua mwezi mpevu wa angani badala ya ule wa hesabu ya Kanisa, na baadhi ya miaka atapata wiki au mwezi tofauti.

Kuhusu nafasi kwenye A2 (milimita 420 kwa 594): ukipanga miezi mitatu kwa mistari minne, ukatoa kichwa na ukanda wa maelezo, mraba wa siku unabaki na upana wa milimita 17 hivi na kimo cha 12. Herufi mbili za nchi zinaingia, majina kamili hayaingii. Wiki ukiianza Jumatatu, Mei na Agosti 2027 zinahitaji mistari sita ya wiki, wakati Februari inajaa minne kamili, inaanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Panga kimo kwa mistari sita tangu mwanzo, la sivyo 30 na 31 Agosti zitabanwa kwenye mraba mmoja na tarehe za wiki iliyotangulia, na hapo alama za nchi hazitasomeka.

---

Mdau_Kongwa alijibu:

Kalenda ikichapwa Dodoma, naomba isiziache tarehe ambazo historia yake imepita mkoani kwetu. Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kuanzia miaka ya 1960: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine.

Namibia wana Siku ya Mashujaa, 26 Agosti. Inakumbuka mapigano ya Omugulugwombashe mwaka 1966, ya kwanza ya vita vya uhuru wao, na wapiganaji wa kwanza wa SWAPO walioingia nchini mwao walikuwa wamepitia Kongwa. Ile 16 Desemba aliyoieleza mwalimu ni ya Umkhonto we Sizwe, ambao nao walikuwa na kambi hapa.

Msumbiji ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. 3 Februari ni Siku ya Mashujaa, kwa sababu siku hiyo mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. 7 Aprili ni Siku ya Wanawake wa Msumbiji: Josina Machel, mpigania uhuru wa FRELIMO, alifariki siku hiyo mwaka 1971, naye Dar es Salaam. 25 Juni ni uhuru wa 1975, na ilichaguliwa tarehe ambayo FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. 25 Septemba ni kuanza kwa vita vya ukombozi, 1964. Katika siku hizo nne, tatu zina chanzo kwenye ardhi ya Tanzania. Hata kama mteja hana biashara Maputo, ukanda wa maelezo una nafasi ya sentensi mbili.

---

Afisa_Utumishi_AreaD alijibu:

Kwa ufupi, jambo moja la sheria ambalo wenye maduka wanauliza kila mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 25: anayefanya kazi sikukuu ya umma analipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Saa inapatikana hivi: mshahara wa mwezi gawa kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa saa za kawaida za wiki. Mshahara wa shilingi 450,000 kwa saa 45 unatoa shilingi 2,308 kwa saa, mara mbili ni takriban 4,616, na zamu ya saa nane ni kama 36,900. Wanaokosea hugawa mshahara kwa 30, halafu hesabu haifanani na ya sheria.

Sikukuu za nchi za nje hazina malipo haya. Kwa hiyo nyekundu ibaki ya Tanzania peke yake, hata pale tarehe zinapogongana. Likizo ya mwaka ya siku 28 inahesabu na sikukuu zilizomo ndani yake, hazirudishwi.

---

Mchapaji_Nkuhungu alijibu:

Nawashukuru sana wote, mwalimu shikamoo kwa somo. Nyekundu itabaki ya Tanzania, nchi za nje zitatumia bluu na herufi mbili, na ya Kongwa imeshaingia kwenye ukanda. Swali la mwisho: mteja ameongeza Ethiopia leo asubuhi. Orodha moja inaweka Mwaka Mpya wao 11 Septemba, nyingine 12. Na Adwa moja inasema 1 Machi, nyingine 2 Machi. Nifuate ipi?

---

Mwl_Historia_Kikuyu alijibu:

Marahaba. Mwaka 2027 ni 12 Septemba. Ethiopia wana miezi 12 ya siku 30 na mwezi mdogo wa mwisho wenye siku tano, au sita kwenye mwaka wao mrefu. Mwaka wao mrefu unaisha Septemba inayotangulia mwaka mrefu wa kwetu, na 2028 ni mrefu kwetu, kwa hiyo Septemba 2027 mwezi wao mdogo una siku sita na mwaka mpya unasogea mbele siku moja. Meskel, ya kupatikana kwa Msalaba, inasogea pamoja nao: 28 Septemba, si 27.

Adwa ni 2 Machi. Vita vyenyewe, jeshi la Menelik II lilipowashinda Waitalia, vilipiganwa 1 Machi 1896, lakini wao wanafuata tarehe 23 ya mwezi wao wa Yekatit. Kalenda yetu iliruka siku ya 29 Februari mwaka 1900, yao haikuruka, ndiyo maana 23 Yekatit sasa inaangukia 2 Machi. Kwenye mraba weka tarehe 2, kwenye ukanda andika "vita vya 1 Machi 1896", na mtu asije kukwambia umekosea.

Krismasi yao ni 7 Januari. Pasaka yao 2027 ni 2 Mei, wiki tano baada ya yetu, kwa sababu wanafuata hesabu ya kale ya Kanisa la Mashariki. Na kwenye mraba wa 12 Septemba andika "ET: Mwaka Mpya 2020". Huo ndio mwaka watakaouanza.